Nguzo Iliyochipua kwa Doña Nicanora

Doña Nicanora Cituk alikuwa na sauti iliyomzidi mwili. Mwili wenyewe ungeweza kuubeba kwa mkono mmoja, lakini akianza "Baba Yetu uliye mbinguni" katika kanisa la Chansinik, mbwa waliolala uwanjani waliinuka wakatafuta kivuli kingine. Kanisa lile halina paa tangu vita vya mababu. Madhabahu tu ndiyo iliyoezekwa makuti, na sehemu iliyobaki ni anga la Mungu na popo wake. Watu walisema Mwenyezi Mungu alimpa sauti ile makusudi, maana mwenye sauti ndogo mahali pale angesali na popo peke yao.

Yeye ndiye aliyeongoza sala kijijini tangu mama yake alipofariki. Mtoto akizaliwa, kamwiteni Nicanora. Mtu akikata roho, kamwiteni Nicanora. Shamba la mahindi likikauka, Nicanora huyo, na kitambaa chake kichwani na rozari yake ya mbegu. Kosa lake lilikuwa moja, kama ni kosa: hakujua kusifia kisichosifika. Ukimkaribisha uji ulioungua, atakuambia, "Uji wako umeungua, mwanangu," kisha ataunywa wote, atakubariki, na kukuombea chungu kipya.

Mama huyu alitamani jambo moja tu duniani. Kila mwaka, kabla ya tarehe tatu ya mwezi wa Mei, Msalaba Mtakatifu hutoka kanisani ukakaa siku tisa katika nyumba ya mtu. Ni msalaba wa kijani, kwa sababu ni mti, na mti wa Mungu haukauki. Huvikwa gauni jeupe lenye maua ya kudarizi shingoni, kama mama yeyote wa Chansinik anayekwenda misa. Nyumba unapokaa ndipo watu wanaposali na kula, na mwenye nyumba hutembea mbele ya Msalaba siku ya kuurudisha. Nicanora alikuwa ameongoza sala hizo katika nyumba za watu wote. Kwake Msalaba haukuwahi kulala, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imeinama, na baadaye kimbunga kikaimalizia.

Serikali ilimjengea chumba cha matofali chenye paa la zege. Nicanora alishukuru, akaiombea serikali kwa jina, kisha akaweka humo mahindi na kuku wanaotamia.

"Kwa nini hulali humo, Doña Nica?" watu walimtania. "Nyumba ya kisasa hiyo!"

"Nilale humo nianguliwe?" akajibu. "Juzi nimekuta vifaranga, na mama yao alikuwa bado nje anatafuta wadudu."

Msalaba usingeweza kukaa kwenye tanuri. Ulihitaji nyumba hasa, yenye ncha mbili za mviringo, ya makuti marefu, milango miwili ikitazamana ili baraka iingie kwa mbele na joto litoke kwa nyuma. Basi mwishoni mwa mwaka uliopita kijiji kikaamua kumjengea. Desturi ni kwamba wanaume wote hutoa kazi yao bure, wanawake hupika, na mwenye nyumba huleta nguzo. Nguzo hukatwa mwezi ukiwa umekomaa. Ukikata mti mwezi ungali mchanga, bungua watakula nyumba yako, na unga wake utakuwa ukikudondokea kwenye mchuzi mpaka ufe.

Kazi ya nguzo ikawa ya mumewe, Don Teyo Poot. Huyu alikuwa mzee wa maneno mengi na magoti mabovu, na magoti aliyaharibu kwa kuchutama. Alikuwa mdakaji wa timu ya besiboli ya kijiji tangu ujana, na hadi leo hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Nyumba ikasimama kwa siku moja. Wanaume waliezeka, wengine wakasuka fito za ukuta, wakakandika udongo uliochanganywa na nyasi, wakapaka chokaa mpaka ikang'aa kama jino la mtoto. Nguruwe aliyeokwa shimoni alitoka amelainika hata wasio na meno wakarudia sahani. Nicanora alilia ndani ya sufuria ya mchuzi, akasema ni pilipili. Huo ndio uongo pekee alioujua, na aliuungama Jumapili iliyofuata.

Mwaka huu, Don Ponciano Ek, mtunza Msalaba, akatangaza jina la Nicanora. Msalaba ukaja, ukasimamishwa ndani karibu na mlango wa nyuma, penye upepo. Nicanora hakutembea siku hizo, alielea. Katikati ya novena, zile siku tisa za sala, ikanyesha mvua ya kwanza, ikaja mapema bila kubisha hodi, ikalowesha kuta, ikaenda zake. Kesho yake asubuhi alikuwa akifagia alipoona chokaa imepasuka pembeni mwa mlango wa nyuma, sentimeta chache tu kutoka kwenye mkono wa Msalaba. Katika ufa ule palikuwa pametokeza kichipukizi cha kijani, na majani yake madogo yanang'aa.

Alianguka magotini na ufagio wake.

Hapo hapo akaingia jirani yake, Doña Hermelinda Chuc. Msalaba ulikaa kwake mwaka uliopita, na tangu siku ya kwanza ya novena alikuwa akipita kila asubuhi kuangalia kama mishumaa imesimama wima.

"Nicanora, mbona umepiga magoti mbele ya uchafu? Si ungezoa kwan..." Akaona. Akajipiga kifua. "Yesu na Maria! Ukuta wako una majani!"

Kabla chapati za mahindi hazijafura juu ya moto, kijiji kizima kilikuwa kimepata habari. Walikuja na mishumaa, na maua, na watoto wenye kikohozi. Bibi kizee Sixta, asiyeona vizuri, aliongozwa hadi ukutani, akalipapasa jani kama anayepapasa uso wa mjukuu.

"Umeota mizizi," alisema. "Msalaba umepapenda. Haurudi tena kanisani."

Don Ponciano akavua kofia. Alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno, na alikuwa kompadre wa Teyo, maana alimsimamia mwanawe ubatizo. "Kompadre, komadre," akasema, "kama Msalaba umechagua, sisi ni nani? Tutajenga kikanisa hapa hapa. Na wewe, komadre Nica, utaulinda maisha yako yote."

Maisha yake yote! Yeye aliyeomba siku tisa tu!

Ni Teyo peke yake ambaye hakuonekana kuguswa. Mtu ambaye hata msibani hakukosa neno, leo alikuwa amelala kwenye kitanda cha bembea na kofia usoni.

"Mume wangu, huji kuona?"

"Nimeona. Ni majani. Yakate hayo, mke wangu, yataharibu chokaa."

"Nikate muujiza?"

"Sijasema muujiza. Nimesema majani."

Watu walipotawanyika, Nicanora akaenda kisimani. Aliporudi alimkuta Teyo amesimama karibu na ukuta, na kisu cha kuchinjia kuku mkononi.

"Unafanya nini hapo?"

"Najikuna mgongo."

"Kwa kisu?"

"Unawasha sana."

Akamnyang'anya kisu, akamfukuza nje kama anavyofukuza bata. Kisha akainama kulitazama jani, aone kama limejeruhiwa, ikibidi aliombe msamaha. Moja lilikuwa limekatika. Aliliokota, likapondeka kidogo kati ya vidole vyake, na harufu ikampanda puani.

Nicanora akainusa tena. Harufu ile aliijua. Aliwaogesha watoto wake wote kwa majani yale walipotokwa na vipele vya joto, na wajukuu baada yao. Ni chakaj, mti wa uani ambao gome lake jekundu linabambuka kama ngozi ya watalii waliochomwa na jua kule Cancún. Watu huukata vigingi vya ua, kwa sababu ukiuchomeka ardhini, ukapata tone la mvua, unachipua. Huchipua hata kama hukuuomba. Ni kwa sababu hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeujengea nyumba.

"Teyo!"

Mbwa wa uwanjani waliinuka.

Alikuja, kofia kifuani. "Ilikuwa nguzo moja tu, mke wangu."

"Moja ipi?"

"Hii ya mlango wa nyuma. Zote nyingine nilikata, mti mgumu, mwezi umekomaa, Mungu shahidi. Ikabaki moja. Lakini siku ile ndiyo tulikuwa tunacheza na wale wa ng'ambo ya barabara, na nani angedaka? Yule kijana mwenye macho makengeza?"

"Ukaenda kucheza."

"Tulishinda! Nilipomaliza kucheza, mwezi umeshapita, na ujenzi ni kesho. Nikasema, nguzo ya mlango wa nyuma itafunikwa na udongo, nani ataitazama?" Akashusha sauti. "Nikang'oa kigingi kimoja kwenye ua wa kompadre."

Nicanora akahesabu mambo kichwani, na kila moja lilikuja na uchungu wake. Usiku wa kuamkia ujenzi, nguruwe wa Don Ponciano walipenya kwenye pengo la ua wao na kula maboga yote ya Nicanora. Yeye aliwatukana nguruwe. Aliwaombea mabaya, yeye, kiongozi wa sala! Na Don Ponciano kwa aibu alimtoa nguruwe mnono kuliko wote awe kitoweo cha siku ya kuezeka, kufidia maboga.

"Kwa hiyo yule nguruwe..."

"Alikuwa mtamu sana," Teyo alisema kwa upole.

"Toka."

"Nica, nisikilize kwanza. Wewe hujasema uongo. Wao ndio wanaosema ni muujiza. Wewe nyamaza tu. Msalaba utabaki kwako, si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Wao wanasema," Nicanora alijibu, "na mimi ndiye ninayewaongoza kusema."

Jioni ile nyumba ilijaa mpaka milango yote miwili. Mishumaa ilikuwa mingi kiasi cha Hermelinda kushindwa kuikagua. Nicanora akasimama mbele ya Msalaba na kuanza rozari, na watu wakatazamana, maana sauti ilikuwa ndogo. Fungu la kwanza lilipita. La pili likapita kwa shida. Aliutazama Msalaba na gauni lake jeupe alilolifua mwenyewe kwa mikono yake, akawaza: nikisema, utaondoka. Nisiposema, utakaa hapa, na kila siku nitakuwa nikikutazama namna hii hii.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti yake yote ikarudi kwa mkupuo, hata waliokaa mlango wa nyuma wakashtuka. "Kabla ya fungu la tatu nina neno. Huu si muujiza. Hii ni chakaj. Mume wangu alikwenda kucheza besiboli."

Akaeleza yote, hata maboga. Mtoto mmoja akapiga chafya.

"Kigingi changu?" aliuliza Don Ponciano polepole.

"Na nguruwe wako, kompadre," Teyo akaitika kutoka nyuma ya mlango.

Don Ponciano akakunja uso, tumbo likaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka akalazimika kuketi juu ya maua. Nyumba nzima ikafuata.

"Mimi nilijua!" akasema Hermelinda. "Nilijua tangu asubuhi!"

"Ulijua nini wewe?" mtu akamdaka. "Si wewe uliyekuwa umepiga magoti mpaka yakachubuka?"

Bibi Sixta peke yake hakucheka. Aliinua mkono. "Nicanora, umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Vizuri. Wewe unasema ni uvivu wa mumeo. Nami nakubali, mumeo namjua tangu akiwa na kamasi. Lakini kijiji kina nyumba ngapi, na wavivu wangapi? Mbona umechipua hapa, wiki hii, chini ya mkono wa Msalaba? Mungu ana vyombo vingi. Wakati mwingine anatumia hata besiboli."

Nicanora akashika tena rozari yake, akaanza fungu la tatu.

Siku ya tatu ya Mei Msalaba ulirudi kanisani kama kawaida, na Nicanora akatembea mbele yake kama desturi inavyotaka. Mwakani utakaa kwa mtu mwingine, na Hermelinda ameshaanza kununua mishumaa. Mwezi ulipokomaa, Teyo aliingia msituni kukata nguzo ya mti mgumu, na ilikuwa siku ya fainali. Yule kijana mwenye makengeza ndiye aliyedaka, tena wanasema alidaka vizuri sana, jambo ambalo hakuna anayelitaja mbele ya Teyo. Wanaume walikuja, wakaubomoa ukuta sehemu ile, wakabadilisha nguzo, wakakandika upya. Chakaj ikarudishwa uani kwa Don Ponciano, mahali pake, ikachomekwa ardhini, na sasa ina matawi.

Bibi Sixta hupelekwa pale kila Ijumaa kuwasha mshumaa, katikati ya nguruwe. Don Ponciano amekata tamaa ya kumkataza.

Juzi Nicanora alipita pale akitoka kumwombea mtoto mchanga. Mshumaa ulikuwa bado unawaka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akafanya ishara ya msalaba upesi upesi.

"Ni kwa heshima ya mshumaa tu," akamwambia nguruwe aliyekuwa akimtazama, akaendelea na safari yake.