Ukimya wa Bi Harusi

Kaka yangu alianza kunywa tembo baada ya baba yetu kufariki, na kwa miaka ile Jang'ombe nzima haikuwa na jina jingine la kumwita ila mlevi. Hata mimi nikitumwa dukani niliulizwa, "Wewe si dada wa mlevi?" Nikaitikia naam, maana nilikuwa sijui kubisha.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, posa yangu ilipokubaliwa, alijipeleka mwenyewe hospitali, akalazwa wiki kadhaa. Aliporudi alikuwa amekonda, akishika kikombe kwa mikono miwili.

"Kule daktari kila akija akiniita mgonjwa," akaniambia. "Mgonjwa anapona, dada yangu. Mlevi nani alomwona akapona? Nshaacha. Nnataka nikuozeshe mimi, kwa ulimi wangu."

Na haki ilikuwa yake. Baba hayupo, walii wangu, wa kuniozesha, ni yeye. Miezi minane hakugusa tembo. Nilimnusa kila alipoingia ndani, Mungu anisamehe, wala sikukuta kitu.

Siku ya ndoa nilikaa chumbani nimefunikwa kanga mpya, somo wangu, yaani kungwi wangu, kando. Alikuwa ameshanifunda kwamba mwari akiulizwa hasemi. Kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Shekhe na mashahidi wawili wakasimama nje ya pazia pamoja na kaka. Shekhe akaniuliza kama nimemridhia mume. Nikanyamaza, kama nilivyofundwa.

Hapo shahidi mmoja, mzee wa upande wa bwana harusi, akasema, "Lakini shekhe, walii huyu mlevi. Fasiki haozeshi."

Shekhe hakuwa mtu mbaya. Akasogea karibu na pazia. "Mwanangu, wewe unakaa naye nyumba moja. Kaka yako keshaacha, au bado?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Somo akanifinya paja. Nikaogopa watakuja kusema bi harusi hana haya, anabishana na wakwe hata hajaolewa. Nikanyamaza.

"Basi," akasema yule mzee, "keshajibu."

Nikamsikia kaka akisema polepole, "Haya, mwiteni ami."

Ami yetu wa Mtoni, ndugu wa baba, ambaye hakukanyaga kwetu tangu msiba wa baba, ndiye aliyeniozesha. Vigelegele vikapigwa, nami nikalia, na wanawake wakafurahi kuona bi harusi analia.

Nikiwahadithia watu kisa hiki huningoja niseme kwamba kaka alirudi kwenye tembo siku ileile. Naona kwenye nyuso zao wanavyongoja, na hunikera sana. Hakurudi. Aliishi miaka mingi, akafa hajatia tena tone mdomoni. Kila Idi alikuja kunitazama, akakaa barazani. Nikimkaribisha ndani husema hapa panatosha. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilinyamaza, nami sikuwahi kumwambia.