Mwasho wa Mpiga Pasi

Hamtaniamini, na sitawalaumu. Hata mimi ningesimuliwa haya ningesema mzee huyu amechanganyikiwa. Lakini ni kweli tupu: mpwa wangu, mpiga pasi hodari kuliko wote mjini, nusura apoteze kazi kwa sababu ya kifundo cha mkono.

Wahenga walisema Mungu humpa upele asiye na kucha. Yeye alipewa mwasho na kucha, tena ndefu. Kifundo cha mkono wa kulia kilimwasha asubuhi na jioni. Siku moja akagundua kwamba mvuke wa pasi ukikipitia, mwasho unayeyuka kwa utamu usiosemeka. Basi kila akipata upenyo, anajifukiza. Kumbe utamu ule ulikuwa wa muda tu: mwasho ulirudi, tena na ndugu zake.

Wateja wakaanza kupokea mashati yao kwa ncha za vidole. Mwenye duka, mama asiyecheka ovyo, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, nakupenda. Ila nikikuona tena unajikuna mbele ya mteja, pasi namkabidhi mwingine."

"Si upele, mama."

"Mteja atajuaje?"

Akaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari akakigeuzageuza kifundo, akasema hakuna mdudu. Chini ya ngozi, alieleza, kuna seli za kinga, ndio walinzi wa mwili. Zikichokozwa humwaga vimeng'enya, navyo hukata protini kwenye ncha za mishipa ya fahamu kama mkasi mdogo. Protini hiyo ikikatwa, mshipa hupeleka habari kichwani, na mtu anawashwa.

"Nimemeza vidonge vya mzio mpaka nimechoka."

"Vile huzuia kemikali nyingine. Vimeng'enya vina njia yao."

"Na mvuke je?"

"Unawaamsha walinzi. Kucha ndiyo kabisa."

Akampa dawa ya kupaka, akamwambia mwasho ukija aweke kitu cha baridi.

Kesho yake akaingia bwana mmoja na koti la kuvaa harusini kwa bintiye. Alitaka linyooshwe palepale. Mwenye duka akaburuta kiti, akakaa, macho kwenye kile kifundo. Pasi ikaanza kwenye ukosi. Mwasho nao haukusubiri. Mpwa wangu akauma meno, akakibandika kifundo kwenye chupa ya maji baridi, akaendelea na mkono wa kushoto. Mama hakupepesa macho. Akatazama weee, hadi mkono wake mwenyewe ukapanda shingoni, ukakuna. Ukashuka kwenye kiwiko, ukakuna. Yule bwana akajisogeza mbali na kiti.

"Joto hili," mama akasema.

"Pole, mama," mpiga pasi akajibu bila kuinua uso. "Shika hii chupa."

Bwana alipoondoka na koti lake, mama alibaki kitini, chupa shingoni.

"Pasi ni yako," akasema mwishowe. "Kucha lakini ukate."

"Tukate wote, mama."

Na tangu siku ile mpwa wangu hajajikuna tena, hata mara moja. Ngozi yake ni hariri. Madaktari wanasafiri kutoka mbali kuja kukigusa kile kifundo, na kwa macho yangu nimewaona wawili wakitokwa na machozi kwa—

"Mjomba, weka kalamu chini. Nimesimama nyuma yako hapa, na najiku—"