Programu Niliyokataa Inunuliwe Upya

Wakulima wetu walipoanza kupangwa katika vijiji vya ujamaa, mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Katika ofisi ya ushirika wa kahawa pale Bukoba, ni mimi peke yangu niliyesomea kuandika programu za kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar es Salaam. Tulituma kadi zenye matundu yaliyobeba programu na hesabu zetu kwa meli hadi Mwanza, kisha kwa treni, na orodha za malipo zikarudi zimechapwa.

Programu ile iliandikwa na kampuni ya wageni. Walipoambiwa malipo sasa yapangwe kwa vijiji, walisema lazima yote iandikwe upya, kwa gharama ileile ya mwanzo. Meneja aliniita mbele yao na makarani wote, niweke sahihi kwenye mkataba wao kama mtaalamu.

“Siweki, Ndugu Meneja,” nilisema. “Bei haijabadilika, mizani haijabadilika. Kilichobadilika ni kijiji tu. Tulipie sehemu hiyo, au mniachie niiandike.”

“Hawa wamesoma kuliko wewe.”

“Wamesoma, ndiyo. Lakini hii pesa inatoka kwenye kahawa ya baba yangu.”

Alikunja mkataba, akauweka kando. “Ukishindwa?”

“Nikishindwa nitakwenda kwa wakulima niwaambie mwenyewe.”

Nilishindwa. Kadi zangu za kwanza zilirudi na orodha iliyowaacha nje watu wote wa kijiji cha Izimbya. Meneja aliutoa tena mkataba wa wageni, akaniwekea kalamu juu yake. Sikuigusa. Nilipanda lori la ushirika hadi Izimbya, nikasimama mbele ya ghala, nikawaeleza kwa Kihaya kwamba malipo yamechelewa kwa kosa langu, na kwa nini nilikataa kuwalipa wageni. Walinifokea sana. Mama mmoja mwenye kapu la ndizi aliniuliza, “Utarekebisha?” Nikasema ndiyo. “Basi nenda ukarekebishe, mwanangu. Unapoteza muda hapa.”

Mara ya pili orodha ilitoka kamili. Wageni hawakulipwa tena hata senti, na wakulima wakapata chao.

Meneja alinihamishia Muleba, kwenye kituo cha kupokea kahawa, mbali na kadi na kompyuta. “Kazi umeifanya vizuri,” alisema, “lakini huwezi kunikatalia mbele ya watu.”

“Ningekukatalia hata faraghani,” nilimjibu, nikaenda kufungasha.