Chumba cha Katikati

Miaka ile ya hamsini, umeme wa waya Kariakoo ulikuwa wa wenye nacho. Sisi wengine redio zetu zilikula betri za gari, za volti sita, na betri ikichoka ililetwa kwangu, nyingine hata kutoka Buguruni. Mwarabu mmoja mwenye duka alinipa kipande cha baraza yake na soketi moja, nikaweka hapo mashine ya kuchajia na kipimo cha volti chenye mshale. Basi kipimo kile ndicho kilichonitia kiburi. Nilikivaa shingoni kwa kamba. Nikiulizwa jambo lolote, nilikishika kwanza ndipo nikajibu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mpika vitumbua. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyekwenda Ulaya kusomea ualimu, na mwaka wa tatu ulikuwa unakatika hajamtia machoni. Ikaja barua: Idi mosi, saa kumi alasiri, wanafunzi walioko huko watawasalimu watu wao kwa redio, na yeye yumo. Mama aliifunga barua ile kwenye upindo wa khanga, akazunguka nayo mpaka ikachakaa. Kila mgeni alisomewa, hata aliyekuja kuomba chumvi.

Siku mbili kabla ya Idi akaniletea betri yake kwa mkokoteni, akaomba kigoda, akakaa pembeni. Hataki kuondoka.

Betri za zamani zilikuwa na vizibo vitatu juu, kwa sababu ndani mna vyumba vitatu, kila kimoja volti mbili. Ukizichaji, maji ya ndani hutoa mapovu. Mama akachungulia.

"Mwanangu, mbona hiki cha katikati hakichemki kama wenzake?"

"Kitachemka, mama."

Baada ya saa nzima akachungulia tena. "Bado."

Lo, nikapandwa na hasira! Mimi fundi mzima nafundishwa kazi na mpika vitumbua! Nikazima mashine, nikagusisha nyaya za kipimo papo hapo. Mshale ukapanda, ukapita sita.

"Haya, tazama mwenyewe. Imejaa. Mshale hausemi uongo."

"Mimi mshale siujui," akasema. "Kuchemsha ndiko ninakokujua."

Watu wa barazani wakaangua kicheko, nami nikazidi kununa. Nikamwagiza asiiwashe redio hata kidogo mpaka siku yenyewe, autunze moto wa betri. Akanitii. Laiti asingenitii.

Idi ikafika. Baada ya alasiri redio ikatolewa barazani kwa mama, majirani wakajaa, wanawake wakapanga mikeka mlangoni. Mama alikaa kiti cha mbele, amejifukiza udi utadhani ana mkwe anayekuja. Nyaya niliziunga mimi mwenyewe, kwa madaha. Redio ikaimba nyimbo mbili tatu, watu wakanisifu. Kisha mtangazaji akaanza kuwaita wanafunzi. Akasema wa kwanza, akasema wa pili. Nikasikia sauti inafifia, nikajidanganya kuwa ni hali ya hewa. Wa tatu alikuwa kijana wetu.

"Mama, shikamoo," ikasema redio, kwa mbali sana. Kisha kimya.

"Marahaba, mwanangu!" mama akaitikia kwa sauti kubwa. "Marahaba!" Akangoja.

Sisi wengine tulishajua. Kijitaa cha redio kilikuwa kimezimika. Nikatoka mbio mpaka dukani, nikarudi na betri nyingine begani, maji yake makali yakinichoma shingo. Lakini redio za wakati ule hazikusema mpaka taa zake za ndani zipate moto. Zilipopata, aliyekuwa akisalimu ni mtu wa Tanga.

Jioni niliipima ile betri, kila chumba peke yake. Viwili vilikuwa na volti mbili mbili. Cha katikati hata moja hakikufika. Betri inapotoka tu kwenye mashine, mshale hupanda kwa ajili ya ule moto wa kuchaji. Ni sawa na chungu kilichotoka jikoni, hutokota hata kama ndani mna kikombe kimoja cha maji. Ilinipasa niiache itulie, kisha niipime ikiwa kazini. Na hayo niliyajua! Hasira tu ndiyo iliyonisahaulisha. Niliona aibu hata pilau ya watu ikanishinda.

Mama hakunigombeza. "Nimemsikia," alisema. "Kanisalimu, nami nimemwitikia." Tangu siku hiyo kila betri niliipima ikiwa imewasha taa ya gari, na kipimo nikakivua shingoni, nikakitundika ukutani.

Kijana alirudi baada ya miaka miwili. Mama yake tulikuwa tumeshamzika. Alipokuja kunishukuru kwa mazishi nilimweleza yote, betri na kiburi changu, nikamwomba radhi. Kisha nikamuuliza siku ile alisema nini baada ya shikamoo, maana swali hilo lilikuwa halinipi usingizi.

Akainama. "Sikusema kitu. Tulipewa muda kidogo, nami nikaupoteza wote. Nilimwamkia, nikanyamaza nimngoje aitikie. Nilisahau kuwa simsikii. Wakanigusa bega, zamu ikaenda kwa mwingine."

"Aliitikia," nikamwambia. "Mara mbili."