Shupaza Moja, Baba

Wiki iliyopita mgeni kutoka nyumbani aliniletea kifurushi cha jani kavu la mgomba. Kabla sijakifungua nilijua kilichomo: kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa ikiwa bado mbichi pamoja na majani ya porini, ikaanikwa, ikafukizwa moshi. Watu wenye heshima zao wakisikia harufu hiyo huwakumbuka babu zao. Mimi, uniwie radhi msomaji, nilikumbuka karata.

Miaka ya hamsini baba yangu alikuwa karani wa kilimo Bugomora. Tulitoka Muleba, na kwa wenyeji tulikuwa wageni wenye viti vingi kuliko migomba. Bwana shamba mmoja Mzungu, aliyechoka kukosa mtu wa nne kila alipopiga kambi, alimfundisha Baba mchezo wa briji. Baba akamfundisha Mama. Mama, kwa subira, akamfundisha Mwalimu Zakaria, ambaye alikuwa Mlutheri na siku zote alikaa amelipa mgongo dirisha, ili waliotoka kanisani waone koti lake tu. Wa nne alikuwa mke wa tabibu. Tabibu alipohamishwa, nafasi ikabaki wazi, na mimi, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, niliyekuwa nikiwatazama tangu nijue kuhesabu, nikaitwa kuijaza.

Jumapili alasiri nyasi mbichi zilitandikwa sakafuni, meza ikawekwa katikati, na kikapu kidogo cha kahawa kikakaa juu yake. Kila mchezo ulioshinda, ulichukua punje moja. Baba alikaa akitazamana na Mwalimu. Mama akitazamana na mimi. Baba ndiye aliyepanga viti, na mimi aliniweka kushoto kwake.

Kwa asiyeujua mchezo: kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu hutaja aina ya karata na idadi ya mizunguko anayoahidi kula pamoja na mwenzake, juu ya sita ya kwanza, au husema tu "napita." Atakayeahidi kikubwa kuliko wote ndiye mwenye mchezo, na wapinzani hufanya kila njia ahadi hiyo ivunjike. Zamu huenda kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila Baba alipomaliza kunadi, nyuso zote zilinigeukia mimi.

Nami nilipita. Nikiwa na karata mbaya nilipita, nikiwa na nzuri nilipita. Baada ya Jumapili tatu mbele ya Baba palikuwa na rundo la punje, na Mama akaniita jikoni tumenye ndizi.

"Koku, jana ulikuwa na ree mbili. Kwa nini ulipita?"

"Baba alikuwa ameshasema."

Mama aliweka kisu chini. Alicheka hadi akafuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na utomvu. Nyumbani kwetu mtoto wa kike hakusema juu ya maneno ya baba yake. Alipiga magoti, akaamkia, akasubiri aulizwe. Sikujua kwamba meza ina sheria nyingine.

"Pale mezani hakuna baba," alisema Mama. "Kuna mtu wa kulia kwako. Tena sikiliza. Hata mkono wako ukiwa dhaifu, kama una aina moja ndefu, yenye wakubwa wake, itaje. Hutaji ili ushinde. Unataja ili mimi nijue nianzie wapi."

"Na kama ni ndefu lakini ya vidogo vitupu?"

"Basi nyamaza. Utanidanganya mimi, si wao."

Wakati huohuo alijitokeza Bwana Petro, mwenye duka kutoka Bukoba. Alikuja kila Jumapili, akakaa kando akitafuna kahawa yetu, akahema kwa huruma kila nilipopita. Mwishowe akamwambia Baba waziwazi kwamba kumkalisha mtoto pale ni kuiharibu karata. Baba akafikiri, akatoa hukumu: Jumapili ijayo tucheze michezo saba. Mama na mimi tukishindwa, Petro akae, Koku arudi jikoni moja kwa moja.

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyokitaka kile kiti. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Jumapili hiyo Mama alicheza kama anayezima moto. Baada ya michezo sita tulikuwa na punje tatu kwa tatu. Baba akagawa karata za mwisho. Nilizifungua zangu polepole: mfalme, malkia, jeki, kumi, pamoja na nne ndogo, zote za shupaza. Karata nyingine nane zilikuwa takataka tupu. Petro, aliyesimama nyuma yangu, akahema.

"Uru moja," alisema Baba.

Nyuso zikanigeukia. Shupaza zangu zilikuwa ndefu, na wakubwa walikuwapo. Nilifungua mdomo, na hapo mwili ukanisaliti. Niliteremka kitini, nikapiga magoti kwenye nyasi, karata nimezikumbatia kifuani.

"Shikamoo Baba. Shupaza moja."

Petro aliangua kicheko, punje ikamtoka mdomoni. "Waitu, jamani! Anaomba ruhusa au anaomba msamaha?"

"Marahaba," alisema Baba, bila kutabasamu. "Inuka, binti. Tumesikia."

Mwalimu Zakaria alikuwa na ree ya shupaza, kubwa kuliko mfalme wangu, na labda alifikiri aliyenadi kwa magoti hana cha kutisha. Akanadi "bila turufu moja," yaani hakuna aina itakayotawala nyingine. Baba akampandisha hadi tatu. Maana yake Mwalimu alitakiwa kula mizunguko tisa kati ya kumi na mitatu, na Mama ndiye wa kuanza.

Mama alikuwa na kopa sita mkononi, zikiongozwa na mfalme. Siku yoyote angeanza na kopa, na Mwalimu alikuwa amezitegea kwa ree na malkia. Alinitazama. Bado nilikuwa na jani la nyasi gotini. Akaweka mezani shupaza nane.

Nikatupa kumi, Mwalimu akala kwa ree. Akaanza kuvuta uru, akiimba wimbo wa kanisani kwa pua, mpaka Mama alipokula kwa ree ya uru na kurudisha shupaza yake ya mwisho. Jeki ikala. Mfalme akala. Malkia akala. Kisha ile nne yangu ndogo, isiyo na mtu wa kuijibu, nayo ikala. Mizunguko yetu mitano. Mwalimu alibaki na minane, na wimbo ukamkauka.

Nilichukua punje ya nne mwenyewe. Petro alitangaza kwamba ilikuwa bahati, akaaga mapema.

Baadaye nilienda chuo kikuu, nikajifunza kwa gharama kubwa namna ya kupinga hoja. Mara ya kwanza nilipompinga profesa, goti langu la kulia lilijikunja lenyewe chini ya meza; lakini nilisema, na nilichosema kilikuwa kifupi, chenye wakubwa wake. Ilinichukua miaka mingi zaidi kuelewa kwamba ushujaa wa siku ile haukuwa wangu peke yangu. Mama aliziacha kopa zake sita kwa neno la mtoto aliyepiga magoti.

Na vile viti. Anayekaa kulia kwa mtu hunadi kabla yake. Ni wa kushoto anayelazimika kusema juu ya maneno yake. Baba alipozeeka nilimuuliza kwa nini hakuniweka kulia, mahali pa Mama, nikapata amani.

Alichagua punje moja ya kahawa, akaitia mdomoni. "Kulia kulikuwa na upepo wa mlangoni," alisema. "Ungepata mafua."

Mlango wa nyumba ile ulikuwa kushoto.