Evelina na Korongo Lisilo na Mwenyewe

Evelina alilizunguka shamba lake ameishika simu mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa mpaka ukingoni. Simu haikuwa yake. Ilikuwa ya Gaudence, kijana ambaye ni bwana shamba wa kijiji, naye alimwelekeza kwa ufupi: afuate mpaka, asikate kona, arudi pale alipoanzia. Kila atakapokanyaga, simu itawasiliana na setilaiti huko juu na kuchora mstari.

"Nikichoka nisisimame?" Evelina aliuliza.

"Simama tu, mama. Ila usitoke nje ya mpaka."

Shamba lenyewe liko mbele kidogo ya Kibaigwa, la mtama na alizeti, aliloachiwa na marehemu mume wake. Zamani ardhi ikichoka watu walihama, wakafyeka pori jipya. Sasa pori hakuna. Ukitoka kwenye shamba la mtu unaingia kwenye shamba la mtu mwingine. Hili likifa, Evelina hana pa kwenda. Ndiyo maana aliposikia kuna kikundi kinachoonyeshwa kwa picha za setilaiti ni sehemu gani ya shamba inapoteza maji, na wapi pachimbwe makinga maji, alinyoosha mkono kabla ya wote. Na ni mtu ambaye mikutanoni hukaa nyuma akichambua mlenda wake, hasemi neno.

Alikwenda vizuri mpaka alipofika usawa wa nyumba ya jirani yake, Matonya. Mama yake Matonya, bibi Yudith, alikuwa uani anapepeta uwele.

"Mbukwa, mama Raphael!" bibi akamwahi kwa salamu.

Sasa, mzee kama yule utamwitikia kwa mbali kama unayeita mbuzi? Evelina aliacha mpaka, akaingia uani, akapiga goti, akaamkia. Akaulizwa habari za watoto, na yeye akauliza habari za mguu wa bibi. Akaonyeshwa pale mguu unapouma. Muda wote huo simu alikuwa nayo mkononi. Halafu akaaga, akarudi mpakani, akamalizia mzunguko wake roho kwatu.

Jioni, kwenye ofisi ya kijiji, Gaudence alifungua ramani ili majirani waikubali, maana shamba haliingizwi kwenye kikundi mpaka waliopakana nalo waseme ndiyo. Watu wakainamia simu. Shamba la Evelina lilikuwa na pua. Pua ndefu, imeingia moja kwa moja mpaka jikoni kwa Matonya.

"Heee!" Matonya akasema. "Mama Raphael, na sufuria za mama yangu umezipima?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Nilikwenda kumwamkia mama," Evelina akasema.

"Na setilaiti nayo ilipiga goti? Leo pua, kesho kichwa kizima. Mimi sikubali."

"Basi tupime upya kesho asubuhi," Gaudence akasema. "Lakini kesho hiyohiyo ndiyo mwisho wa kuandikisha. Jirani akikataa, mama, utabaki nje msimu mzima."

Evelina alirudi nyumbani. Mvua zilikuwa zinakaribia, na kila mvua ikija huondoka na udongo wake.

Asubuhi walitembea watatu. Evelina na simu, Matonya upande wake na fimbo, Gaudence nyuma. Walipopita usawa wa uani bibi Yudith aliita, na Matonya mwenyewe ndiye aliyejibu, "Mama, subiri, tunapimwa!" Mstari ukaenda umenyooka. Hakuna aliyebisha mpaka walipofika kona ya chini.

Pale zamani palikuwa na mche wa mnyaa ulioonyesha mpaka. Sasa pana korongo. Mnyaa ulishasombwa.

Evelina akasimama. "Nipite wapi?"

"Pita huku kwangu, lizungushe liwe lako," Matonya akasema. "Korongo si la kwangu. Maji yanatoka kwako."

"Yanatoka kwangu, lakini yanafuata njia ya ng'ombe wako."

"Ng'ombe hawachimbi."

Yaani jana waligombania ua, leo kila mmoja anamsukumia mwenzake shimo. Gaudence hakuingilia. Alitoa simu yake nyingine, akawaonyesha picha za kona ile tangu miaka ya nyuma. Mwanzo ilikuwa kama ufa wa kisigino. Kila picha ufa ulipanuka, na kila ulipopanuka ulielekea upande mmoja.

Evelina aliangalia picha ya mwisho kwa muda mrefu. Pale ufa ulipofikia ndipo alipokuwa akipanda karanga. Akiliacha korongo nje ya mstari, hakuna atakayeulizwa kuhusu hilo korongo, nalo litaendelea kumla kutokea nje.

Akateremka penye kina kifupi, akavuka, akaanza kutembea ukingo wa pili.

"Unakwenda wapi?"

"Umesema langu. Nalizungushia."

Matonya akamfuata kwa haraka. "Hapo ni majani ya ndama wangu!"

"Majani yako yameota ukingoni mwa korongo langu. Nitayaachaje?"

Gaudence akageuka pembeni akakohoa. Matonya alisimama, akachoma fimbo chini, akaangalia majani, akaangalia shimo.

"Rudi, mama Raphael. Pitia katikati."

"Katikati maana yake ni letu wote."

"Nimesikia."

"Na mawe ya kuziba tunabeba wote."

"Si nimeshasema pitia katikati?"

Evelina akashuka ndani. Udongo ulimeguka, akakaribia kuanguka, Matonya akamnyooshea fimbo, naye akaishika. Huko chini kuta zilimpita kimo. Aliinua macho akaona mizizi ya mabua yake ya alizeti inaning'inia hewani, haina cha kushika. Alikuwa analima pale juu kila mwaka bila kujua kwamba chini hakuna kitu. Alitembea polepole mpaka mwisho, simu inachora.

"Mzee Matonya, unaukubali mstari?" Gaudence akauliza.

"Naukubali. Nitafanyaje?"

Hawakungoja siku nyingine. Walianza kusogeza mawe yaliyokuwa karibu, wakayapanga kukata njia ya maji. Evelina alipopumzika akauliza, "Gaudence, haya mawe setilaiti itayaona?"

"Hapana, mama. Ni madogo. Itaona kijani kikirudi."

Evelina akaangalia sakafu ya korongo. Ilikuwa nyekundu tupu, hata jani moja halipo.

"Mikonge ipo nyuma ya zizi langu," Matonya akasema bila kumwangalia. "Inashika udongo. Ila utaing'oa mwenyewe, mimi miiba yake siiwezi."

"Niazime jembe," Evelina akasema, akaanza kupanda juu.