Wimbo Nilioukata Katikati

Baba alitoka bara kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni, nami nikazaliwa Malindi, nikakulia mtaa wa Barani. Kiswahili changu ni cha hapa hapa, lakini Kigiriama sikukishika zaidi ya salamu. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa langu lilianzia hapo.

Kazi yangu ni muziki wa kompyuta. Nakaa mbele ya watu na mashine ndogo yenye vitufe, kila kitufe kina sauti yake, na wimbo naujenga palepale wakiniona. Sauti nyingi nazitoa kwenye santuri za zamani. Nakata kipande cha ngoma hapa, cha zumari pale, navirudiarudia mpaka vinageuka kitu kingine.

Santuri ninayotaka kuieleza niliipata mtaa wa Kisumu Ndogo, kwa fundi cherehani aliyekuwa akirundika vitambaa juu ya sanduku lililojaa santuri za marehemu kaka yake. Karatasi ya katikati ilikuwa imebanduka, hakuna jina la mwimbaji wala la wimbo. Ndani mlikuwa na sauti ya mwanamke mmoja na kayamba, basi. Kulikuwa na maneno matatu karibu na mwanzo yaliyonisisimua mwili. Nilimwuliza mhudumu mmoja wa baa, Mgiriama, akaniambia maana yake ni kama kusema, "Rudi mwanangu, rudi." Nikaona ni mama anamwita mtoto atoke mchezoni. Sikuuliza zaidi. Nikayakata maneno yale, nikayatia mdundo mzito chini yake.

Hoteli moja baina ya Malindi na Kilifi ilinichukua nipige kila Jumapili alasiri kando ya bwawa la kuogelea. Wimbo ule uliwapagawisha wageni. Wiki ya pili meneja alinipa mkataba wa msimu mzima pamoja na chumba nyuma ya jiko. Nilitia sahihi nimesimama, kwa kalamu yake. Baadaye, kitandani, ndipo niliposoma kwamba wimbo ule lazima upigwe kila Jumapili, na kwamba hoteli ina ruhusa ya kuutumia itakavyo.

Mchana mmoja nilikuwa nikijaribu spika kwa wimbo ule, wageni wangali mezani, akaja mama wa kwa dobi. Tulikuwa tumezoea kusalimiana tu. Mkononi alishika foronya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu zima kidogo."

Nikazima.

"Sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye santuri ya zamani, mama. Niliinunua mjini."

Alivuta kiti cha wageni akakaa, jambo ambalo wafanyakazi hatukuruhusiwa. "Huyo ni mama yangu," alisema.

Nilicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba ujanani mama yake alichukuliwa na watu wenye gari kwenda kuimba Mombasa, akarudi kesho yake na doti moja ya leso. Santuri yenyewe hawakuiona kamwe, na hata wangeiona, nyumbani hakukuwa na cha kuipigia. Mama alikwisha kufa miaka mingi. Jumapili ya kwanza yeye mwenyewe alipomsikia mamake spikani, alikuwa akikunja shuka. Alidhani ameingiwa na maradhi ya kichwa, asimwambie mtu.

"Anamwita kaka yangu," alisema. "Kifungua mimba. Alizama mto Sabaki, mimi sijazaliwa. Huo ni wimbo wa matanga yake."

Nilisema sikujua.

"Ungejuaje? Lakini hukuuliza." Alisema hivyo bila ukali, akiikunja ile foronya mapajani. "Mama alikuwa akiuimba kila mwaka. Kwanza humwita. Humwita sana, mpaka sisi watoto tunalia. Halafu mwisho humwachilia. Humwambia, haya nenda, waliotangulia wamekupokea. Akishasema hivyo, anajifuta uso, tunakula. Hapa kwako anaita tu. Kila Jumapili anaita, hafiki."

Santuri ilikuwa chumbani kwangu. Niliileta pamoja na mashine yake ya kuipigia kwenye chumba cha dobi, nikaupiga wimbo wote kwa sauti ndogo, mashine za kufulia zikinguruma. Alisimama na mkono mdomoni. Ulipofika mwisho aliimba pamoja na mama yake, sauti zao zikalingana hata nikashindwa kutofautisha.

"Nitakwenda kwa meneja sasa hivi," nilimwambia. "Sitaupiga tena."

Alinishika kifundo cha mkono. "Usinitaje. Wallahi usinitaje. Nikionekana nimekuja kulalamikia starehe za wageni, mimi ndiye nitakayeondoka. Wajukuu wanne wanasoma kwa shuka hizi. Niahidi."

Nikaahidi.

Meneja alinisikiliza huku akisoma simu.

"Hutaki kuupiga. Kwa nini?"

"Sauti ile si yangu."

"Ulipotia sahihi ilikuwa yako?"

"Nilidhani."

"Kuna hoteli nyingine imekuita?"

"Hapana."

"Basi nipe sababu."

Sababu ilikuwa hatua thelathini kutoka pale, ikipiga pasi. Alinikumbusha mkataba, akaniambia kwa upole kabisa kwamba Jumapili ni keshokutwa.

Jumapili ile nilijaribu ujanja. Niliuacha wimbo uende mpaka mwisho wake: nikaondoa mdundo, nikamwacha mwanamke yule na kayamba lake amwachilie mtoto. Wageni waliacha kucheza, wakatazamana, kisha wakarudi kwenye viti vyao. Dirisha la chumba cha dobi lilikuwa wazi, na pale dirishani nilimwona. Lakini kabla sijakunja nyaya meneja alikuwa mbele yangu. "Ule mwisho utoe. Umewakalisha watu."

Nikautoa. Siandiki haya kujitetea. Ningeweza kufungasha mashine yangu nikaondoka siku ile. Walinzi wasingenizuia getini. Lakini nilikuwa nimekaa miaka miwili bila kazi, na nilijidanganya kwamba kuondoka kwangu kusingemsaidia yeye. Nikaupiga Jumapili iliyofuata, na zilizofuata mpaka msimu ukaisha. Nilikuwa nikibonyeza kitufe kile bila kutazama upande wa dobi. Joto la Februari lilikuwa kali, na bado dirisha lake lilikuwa likifungwa saa kumi kamili, saa yangu ya kuanza kupiga.

Mkataba ulipokwisha niliomba waufute wimbo. Meneja alinionyesha ule mstari wa ruhusa, akaniambia wamekwisha kumpa dijei mwingine. Siku ya kuondoka nilimpelekea mama wa dobi santuri, nimeifunga kwenye leso mpya, na wimbo mzima nikamtilia kwenye simu yake. Alipokea kwa mikono miwili. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Siku hizi napiga Kilifi, na situmii sauti ya mtu nisiyeweza kumfikia. Kazi imepungua. Nampigia simu yule mama mara mojamoja, ananiuliza hali ya mamangu, namwuliza ya wajukuu.

Mwaka huu nilialikwa harusi Barani, kwa majirani walioniona nikikua. Mchana, baada ya pilau, wakaufungulia wimbo ule wa hoteli. Mtu alikuwa ameunakili, na sasa uko kwenye kila simu. Bibi harusi akainuka kucheza, na mama zake wote nyuma. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba mwenye wimbo yumo humu humu ukumbini, mtoto wetu wa Barani, na asimame tumwone.

Mama yangu alinisukuma kiwiko, uso wote unang'aa.

Nikasimama. Wakanipigia makofi na vigelegele, na sikukaa mpaka walipomaliza.